Msonobari Niliouingiza Ndani

Kiharusi kilimpata mume wangu mwezi wa Novemba, kikamchukulia upande mzima wa kulia. Alikaa kimya wiki tatu. Neno la kwanza alilolipata lilikuwa "mti." Nilikasirika, sitaficha. Miaka ishirini na sita nimempikia, halafu mtu anafumbua mdomo kuulizia mti!

Mti wenyewe ni msonobari usiofika hata magotini, aliokuwa akiulea kwenye chungu kipana kisicho na kina tangu tulipohamia Malton, huku Kanada. Alifundishwa na mzee mmoja aliyefanya naye kazi kwenye ghala la mizigo ya ndege. Akirudi kutoka zamu alipitia kwanza uani kuuangalia, ndipo aingie kutusalimia sisi. Kila baridi ikiisha alichukua mkasi mdogo akapunguza vichipukizi kimoja kimoja, ameuma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika.

Ugomvi wetu ulikuwa wa kila Desemba. Sisi tumejikunyata ndani, yeye anauacha nje, chungu amekifukia kwenye majani makavu kando ya banda, theluji inauangukia mpaka hauonekani.

"Una roho ngumu wewe," nilikuwa nikimwambia. "Hata mbuzi humlazi hivyo."

"Huu ni wa huku huku, mama watoto," anacheka. "Wageni ni sisi."

Sikumsikiliza. Tulipotua hapa mara ya kwanza kutoka Tanga, na vishati vyetu vyepesi, watu wa kwetu walikuja kutupokea uwanjani na makoti waliyokuwa wamevaa wenyewe mwaka uliopita. Mpaka leo ndiyo desturi yetu: koti halitupwi, linamngoja atakayefika. Kwangu mimi, kumwacha kiumbe kwenye baridi ni dhambi. Basi alipolazwa nikasema, sasa mti huu utapata mtu wa kuutunza kwa akili.

Niliufukua kwa koleo pale alipokuwa ameshaufukia kabla hajaugua, nikauingiza sebuleni, nikauweka karibu na hita. Chungu nikakizungushia sweta yake. Asubuhi maji, jioni maji, tena ya vuguvugu. Binti yetu, anayekaa Brampton, aliuona siku moja tukiongea kwa video.

"Mama, msonobari unakaa nje. It's supposed to be outside."

"Na wewe uko supposed kumtembelea baba yako," nikamjibu, nikakata simu.

Hospitalini walikuwa wamempa mkasi wa plastiki na karatasi, auzoeze ule mkono wa kulia. Dada aliyemsimamia mazoezi alisema hajaona mgonjwa king'ang'anizi namna hii. Mimi nilijua sababu. Kila nikiingia ananiuliza, "Mti?" Nami namjibu, "Upo, kijani kabisa, kuliko ulivyouacha." Anatabasamu kwa upande mmoja wa uso, anarudi kwenye karatasi yake. Kufikia Februari alikuwa anakata mstari ulionyooka, wakampa mkasi wa chuma.

Na kweli ulikuwa kijani. Mwezi wa Machi niliona vumbi limetanda kwenye majani yake, nikayapangusa, yakabaki mkononi mwangu. Nikampigia yule mzee wa ghalani. Alikuja siku hiyo hiyo, akakwaruza gome kwa ukucha. Ndani yake palikuwa pakavu, rangi ya kahawia. Akanieleza taratibu kwamba msonobari lazima ulale kwenye baridi, joto la nyumba huukausha, na ukishakufa unaweza kubaki kijani wiki nyingi. Wiki nyingi! Nilikuwa namwagilia maiti, kisha nabeba habari njema kumpelekea mgonjwa.

Nilifikiria kununua mwingine. Nilifika mpaka dukani, nikasimama mbele ya misonobari midogo. Lakini kila tawi la ule wake alilikunja mwenyewe kwa waya, mwaka baada ya mwaka. Angejua kabla sijautua chini.

Nilimwambia Jumatano, siku mbili kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Si kwamba nilikuwa jasiri, siku zilikuwa zimeniishia.

"Mti umekufa," nikasema.

Akaniuliza, "Baridi?"

"Hapana. Niliuingiza ndani. Niliuonea huruma."

Laiti angenigombeza! Aliuweka mkasi juu ya meza, akageuza uso ukutani, na yule dada alipokuja na karatasi hakugeuka tena.

Sasa yuko nyumbani wiki ya tano. Haulizi kitu. Kila alasiri namkalisha mezani, nakunjua vidole vyake kimoja kimoja, naviingiza kwenye mkasi, namshikia karatasi mbele yake.

"Kata, baba watoto," namwambia. "Hata kidogo tu, nakuomba."

Nikiuachia mkono wake, mkasi unaanguka.