Herufi Iliyofifia Mlangoni kwa Hazal

Siku ya tatu ya matanga ya mwanawe, Hazal alikuwa amekaa chini kwenye godoro jembamba, gauni lake limechanwa kifuani kama desturi inavyotaka, vioo vyote vya nyumba vimefunikwa shuka. Nahum, kijana wa miaka kumi na tisa, fundi mwashi, alikuwa ameteleza kutoka kwenye jukwaa la ghorofa ya nne upande wa magharibi wa Yerusalemu, akafa palepale. Wanawake wa kichochoroni walileta mayai ya kuchemsha na dengu. Hazal hakugusa kitu.

Ndipo alipoingia Mwalimu Pinhas, aliyewafundisha watoto wa sinagogi la mtaa kusoma, na ambaye pia alikuwa akikagua zile ngozi zenye maandiko zinazopigiliwa kwenye miimo ya milango kuwa ulinzi wa nyumba. Hakuketi. Alitoa kisu mfukoni, akabandua kijaluba cha bati mwimoni, akakunjua ngozi iliyokuwa ndani na kuisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Nyumba nzima ikamtazama.

"Mama Nahum," akasema kwa sauti ya darasani, "tazama mwenyewe. Hapa, penye neno linalosema watoto. Herufi imefifia, imelika. Nyumba hii ilikuwa haina ulinzi."

Hazal alitazama. Hakujua kusoma. Kule Zakho, kwenye milima ya Wakurdi alikozaliwa, wasichana walifundishwa kukanda unga, siyo kusoma. Aliona doa la kahawia tu.

"Unasemaje?"

"Nasema tuchunguze matendo yetu. Ulipaka chokaa kabla ya Pasaka, maji yakaingia kijalubani, hukujali. Mungu hachukui mtoto wa mtu bure, mama."

Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa kiganja. Mwingine, Sabria wa nyumba ya pili, alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa jambo.

Hazal aliinuka. "Toka nyumbani mwangu."

"Mama, mimi natafuta tu..."

"Toka, kabla sijakumwagia dengu hizi kichwani!"

Pinhas akatoka, ngozi akaiacha mezani. Usiku haujaingia, mtaa wote ulishajua kilichomwua Nahum: mama yake na ndoo yake ya chokaa.

Tangu hapo Hazal alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote. Alipoamkiwa naye Ijumaa jioni, "Sabato njema, Mama Nahum," alijibu, "Ipeleke kwako." Akimwona anakuja, alisimama katikati ya njia ili yeye ndiye apite pembeni, akijikwaruza kwenye ukuta. Watu walimwambia apunguze hasira, naye akawaambia wapunguze umbeya. Lakini kilichomtafuna zaidi ni kile asichomwambia mtu: nusu ya moyo wake ilimsadiki Pinhas. Pasaka zilikuja na kupita, naye hakuthubutu kushika brashi ya chokaa. Kuta zake zikawa chafu, majirani wakazidi kusema.

Mwaka wa tano, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali alikofanya kazi, alisikia kwamba jeshi limeleta wasichana wa kuwafundisha wakinamama kusoma. Wa mtaa wake aliitwa Tirza, binti wa miaka ishirini, sare zinampwaya mabegani. Siku ya kwanza Tirza alimwuliza kila mama anataka kusoma nini. Mmoja akataja namba za mabasi, mwingine barua za mwanawe.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nataka kumshika mtu uongo," Hazal akasema.

Wakacheka. Yeye hakucheka.

Alisoma kama anayepasua kuni. Herufi zilipomkataa alizitukana kwa Kikurdi. Mwaka wa pili wa masomo, Tirza alishamaliza jeshi lakini akaendelea kumfundisha kila Jumanne alasiri, Hazal akamweleza habari ya ngozi ile. Wiki iliyofuata Tirza alikuja na kitabu kizito cha sheria alichoazima kwa baba yake, akaweka kidole penye mstari mmoja.

"Soma polepole, mama."

Hazal akasoma neno moja moja. Aliyepigwa na mateso, au aliyezika mwanawe, ni haramu kumwambia kwamba ni dhambi yake iliyomponza. Kumwumiza mtu kwa maneno ni kubaya kuliko kumpunja mali, maana mali inaweza kurudishwa. Akasoma tena. Akasoma mara ya tatu, jasho likimtoka.

"Yule alikuwa anaijua hii?"

"Mwalimu wa dini? Aliijua, mama. Huwezi kuwa mwalimu usiijue."

Tirza alidhani mama huyu atapumua sasa. Wapi! Hasira ilipanda upya, maana mpaka jana Hazal alimdhania Pinhas kuwa mjinga tu; kumbe alisema huku anajua.

Baridi ya mwaka huohuo, Geula, binti pekee wa Pinhas, alifariki akijifungua. Habari zikaenea kwamba mzee amebandua ngozi zote nyumbani kwake, akazikagua kwa lenzi siku saba mfululizo, herufi kwa herufi, na zote zilikuwa nzima. Hazal aliyasikia hayo akichagua vitunguu sokoni. Neno la kwanza lililomjia moyoni lilikuwa "Afadhali." Akaona aibu hapohapo, na kwa aibu hiyo akazidi kumchukia. Hakwenda kumpa pole.

Ukaingia mwezi unaotangulia Siku ya Kufunga, mwezi wa watu kuombana radhi, maana siku ile Mungu husamehe kosa la mtu kwake Yeye, lakini la mtu kwa mwenzake halisamehe mpaka mwenyewe aliyekosewa aombwe. Pinhas alikuja mlangoni na wanaume watatu wa kushuhudia. Alikuwa amekonda.

"Mama Nahum, nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa kosa gani? Litaje."

"Kwa maneno yangu yaliyokuudhi."

"Kumbe shida ni mimi kuudhika! Nenda zako."

Akarudi baada ya wiki. Safari hii alilitaja kosa, lakini kwa kunong'ona.

"Mbona unanong'ona?" Hazal akauliza. "Siku ile ulipaza sauti mpaka wa barabarani wakasikia."

"Mama, sheria inasema ukikataa mara tatu, dhambi inakuhamia wewe."

"Unanitishia sheria? Sasa naisoma mwenyewe." Akamsomea kwa kichwa ule mstari, neno kwa neno. Wale mashahidi wakatazamana. Uso wa Pinhas ukasawijika. "Uliyasema mbele za watu, utayafuta mbele za watu. Usiponifanyia hivyo, hata ukija mara mia, mlango ni huuhuu."

Sabato iliyotangulia mfungo, Hazal alikaa juu, upande wa wanawake, nyuma ya wavu wa mbao. Baada ya kusomwa Torati, Pinhas alipanda jukwaani bila kuitwa. Akashika ukingo wa meza.

"Nilimwambia mama mfiwa kwamba amemwua mwanawe," akasema. "Nilisema huku naijua sheria. Ilikuwa uongo."

"Inatosha, Pinhas," mzee mmoja akaguna. "Unajivunjia heshima."

"Niache! Hakuna anayejua kwa nini Nahum alianguka. Wala mimi sijui kwa nini Geula wangu..."

Kule juu Hazal akasimama. Wanaume wakainua vichwa, hawakuzoea sauti kutoka huko.

"Nimesikia," akasema. "Nimekusamehe. Ila njiani usiniamkie." Akamgeukia jirani aliyekaa naye benchi moja. "Na wewe Sabria, nilikuona ulivyotikisa kichwa. Wewe bado hujaja kwangu."

Sabria akashikwa na kikohozi.

Hawakupatana, Hazal na Pinhas. Walipishana kimya mpaka mmoja wao alipozikwa. Lakini kulipotokea msiba mtaani, Hazal alifika mapema, akakaa sakafuni karibu na mfiwa, hasemi neno mpaka mfiwa aseme kwanza. Mgeni aliyeanza kueleza mipango ya Mungu alikatwa kwa ukali: "Ulikuwa kwenye baraza lake? Basi kaa kimya, au kaoshe vyombo." Watu walimwogopa, na wafiwa walimtuma mtu kwenda kumwita.

Jumanne moja alikuwa na Tirza wakisoma baraka inayotamkwa mtu anapopata habari ya kifo, ya kumsifu Mungu kwa kuwa ni Hakimu wa kweli. Hazal akakifunga kitabu kwa kishindo.

"Hii sikuisema siku aliyokufa Nahum. Hata leo siisemi. Hakimu gani hataki kuulizwa?"

"Nani kasema hataki? Babu zetu walimshitaki kabisa, mama. Kisha wakaenda kusali."

"Wakiwa na hasira zao?"

"Hizohizo."

Hazal akaguna, akavuta miwani yake, akakifungua kitabu tena. "Wapi wamemshitaki? Nionyeshe. Na usinisomee, nitasoma mwenyewe."