Lambo Tulilolipasua

Baba alipofariki alituachia nyumba, ng'ombe wachache na lambo. Lambo lilikuwa ng'ambo ya ziwa. Unavuka kwa kivuko hadi Kamanga, kisha unapanda pikipiki hadi kwenye bonde ambalo ukoo wetu umelima pamba na mihogo miaka nenda rudi. Alilijenga mwenyewe kwa ajili ya mifugo yake. Aliinua tuta la udongo likakatiza bonde, na maji ya mvua yakajikusanya nyuma yake. Hakumzuia mtu. Aliyetaka kunywesha alinywesha, aliyetaka kuchota alichota.

Mimi nafundisha mjini, nakaa Butimba. Wadogo zangu wako mikoa ya mbali, kwa hiyo wakasema lambo liwe juu yangu. Nikakubali bila kuuliza kitu, kama mtu aliyeachiwa kabati.

Chini ya tuta aliishi mjane aliyekuwa shoga wa marehemu mama yetu. Tulimwita mama mdogo, ingawa hatukuwa na udugu wa damu. Bustani yake ilianza pale pale tuta linapoishia, kwenye ardhi yenye unyevu kiangazi na masika. Alilima nyanya, bamia na mchicha, akauza gulioni, na kwa mboga hizo alisomesha wanawe.

Masika yalipokwisha nilikwenda kuangalia mifugo. Nikakuta maji yakitoka chini ya tuta, upande wa bustani, membamba lakini yenye rangi ya udongo. Niliporudi mjini nikaenda kuuliza kwenye ofisi ya maji, nao wakamtuma mhandisi, dada mmoja mpole aliyevaa buti za mpira. Akatembea juu ya tuta polepole. Alinionyesha miti ambayo baba aliiacha iote kwa ajili ya kivuli, akaeleza kwamba mizizi ikioza inayaachia maji njia. Akanionyesha mashimo ya kenge. Mfereji wa pembeni, ule wa kupitishia maji yanayozidi, ulikuwa umejaa mchanga, kwa hiyo mvua kubwa ikija maji yangepita juu ya tuta na kulimega. Yale maji ya rangi yalikuwa yanabeba udongo wa tuta lenyewe.

Akaitazama nyumba iliyokuwa chini.

"Mle mnakaa watu?"

"Anakaa mama mmoja, peke yake."

"Basi usisubiri vuli."

Kulikarabati kulihitaji mitambo ya kushindilia udongo, na ndugu zangu, nilipowapigia simu, kila mmoja alinieleza shida zake. Ikabaki kulipasua tuta wakati wa kiangazi na kuyaacha maji yaondoke taratibu.

Nikaenda kumwambia mama mdogo. Nilimkuta anapalilia bamia. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nilimweleza yote aliyoyasema mhandisi, nikamwahidi kwamba kama angetaka kuhamia mlimani tungemjengea. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza nyumba ya mlimani isiyo na maji angeifanyia nini. Tuta hilo lilikuwepo tangu wanawe wakiwa wanatambaa, akasema, na halijawahi kumdhuru hata kuku wake.

"Mwanangu, kama unaniogopea mimi, niachie woga wangu niubebe mwenyewe."

"Mama, likibomoka ukiwa umelala, nitawaambia nini wanao?"

Alirudi kwenye bamia zake. Nikiwa kwenye kivuko, njiani kurudi, ndipo nilipoyasikia vizuri maneno yangu. Sikuwa nimemuuliza yeye angepatwa na nini. Nilikuwa nimemuuliza mimi ningesema nini.

Tulilipasua kiangazi kilipokolea. Vijana wa kijiji walichimba kwa majembe, mhandisi akisimamia, wakikata upande ulio mbali na bustani ili maji yafuate mkondo wa zamani. Yalishuka kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kambare walipoanza kuonekana kwenye tope, watu walikuja na matenga na ndoo, wakicheka, ikawa kama sikukuu. Jioni ng'ombe wa majirani walikuja kunywa kama walivyozoea. Walisimama ukingoni, kisha wakaingia kwenye tope, na mtamba mmoja akazama hadi tumboni tukamtoa kwa kamba. Mwenye ng'ombe alinishukuru kwa kushika kamba. Ningependa zaidi angenitukana.

Katika kukata, jembe lilifungua tundu lililopita ndani ya tuta kuelekea bustanini. Nilimwita mama mdogo aje aone. Alipiga magoti, akaingiza mkono mpaka kwapani, akautoa na kuufuta tope kwa kanga.

"Kweli," akasema. "Lingeniua."

Nilidhani neno hilo lingenipa nafuu. Halikunipa, kwa sababu alilisema huku akiitazama bustani.

Vuli ile ilikuwa ndogo, manyunyu tu. Pengine tuta lingestahimili hadi tukajipanga na kulitengeneza. Sijui, wala hakuna atakayenijulisha. Nilimchimbia mama mdogo kisima. Maji yalipatikana, lakini yalikuwa machache na ya chumvi. Nyanya zilikauka zikiwa na maua. Majirani walianza kupeleka ng'ombe hadi ziwani, mwendo wa asubuhi nzima. Hakuna aliyenilaumu mbele yangu. Mwana mkubwa wa mama mdogo akaja, akamchukua wakaishi wote Mirongo, huku mjini.

Siku hizi anauza mboga nje ya nyumba ya mwanawe. Ananunua mafungu yaliyolimwa na wengine, anayanyunyizia maji yasinyauke. Wiki iliyopita nilipita pale. Nilimwamkia, akaniuliza habari za watoto, akanifungia mchicha. Nilipotaka kulipa alikataa, akaongeza na fungu la pili.

"Huko nyumbani mvua imenyesha?" akaniuliza.

Nikamwambia imenyesha vizuri safari hii.

"Na maji?"

"Yamepita tu, mama. Yamekwenda ziwani."

Akatikisa kichwa taratibu. Mteja akaja, naye akamgeukia. Nikabaki nimesimama na mchicha mkononi, nikimsikia akimweleza mteja kwamba hizo nyanya si zake, kwa hiyo hawezi kumhakikishia utamu wake.