Hafagii Mpaka Ushuke

Kwetu nyumba haifagiwi mgongoni mwa msafiri. Ukitoka, ufagio unabaki nyuma ya mlango mpaka wewe mwenyewe useme umeshuka, ndipo mama auchukue. Ukifagia mapema, alisema, unafagia nyayo za mtu, na njia inamtupa. Alikuja na desturi hiyo kutoka upande wa ziwa, na miaka yote ya kukaa chumba cha kupanga Kianda, ndani ya Kibera, haikumlegeza hata kidogo.

Neno lenyewe lilikuwa hilo moja tu. Baba alipokuwa hai, akienda nyumbani upande wa ziwa kwa treni, alipiga simu kwenye duka moja la Ayany, mtaa wa jirani, na mwenye duka akatuletea salamu: ameshuka. Salamu kwamba yuko njiani na anaendelea vizuri mama hakuzitaka. "Mtu wa njiani anaweza kusema chochote," alituambia. "Mimi nataka kujua miguu yake iko chini." Siku hizo tulikula juu ya makombo ya jana. Dada yangu mkubwa alimwelewa mama. Mimi nilivumilia tu, na majirani wakichungulia nilitamani kujificha chini ya kitanda. Hata nilipoolewa Kawangware, mwendo wa mguu kutoka Kibera, mama hakufagia siku niliyomtembelea mpaka nimwandikie kwamba nimeshuka.

Dada akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Siku mbili ufagio haukuguswa. Ujumbe ulipoingia, Nimeshuka, mama alifagia mpaka mlangoni kwa jirani huku akiimba.

Miaka miwili baadaye mkataba ukaisha, dada akapiga simu kusema anapanda ndege Ijumaa. Jumamosi wamama wa kanisa walikuja kumpokea, wakanywa chai, wakangoja, wakaenda zao. Simu ya dada haikupatikana. Jumapili ikapita hivyo hivyo. Jumatatu nilimkuta mama ameketi kitandani, hajala tangu juzi, sakafu imejaa majani ya chai na makombo ya mandazi, sisimizi wamejipanga kutoka ukutani hadi chini ya meza. Jirani mmoja alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa akiangalia sakafu, hakuwa akimwangalia mama.

Nilikasirika. Ningependa kusema nilimhurumia mama, na nilimhurumia, lakini hasira ndiyo iliyonisukuma. Nilichoshwa na ule uchafu, na yule jirani, na mama kukaa hivyo kama mtu aliyefungwa kamba. Nikatoa simu, nikaitazama kidogo, nikasema, "Mama, ameshuka."

"Nisomee."

"Nimeshuka," nikasoma. Kwenye simu palikuwa na picha ya watoto wangu tu.

Mama akainuka akachukua ufagio. Mimi nilijiambia kwamba dada atafika siku hiyo au kesho yake, auzike uongo wangu yeye mwenyewe, na hakuna atakayejua.

Hakufika. Na mjinga mimi sikuwa nimefikiria swali ambalo mama angeniuliza wiki hiyo hiyo: "Kama alishuka, ako wapi?"

Alijijibu mwenyewe. Alikuwa amesikia kanisani kwamba wasichana wanaorudi mikono mitupu huogopa kwenda nyumbani, kwamba hupanga vyumba Kawangware kimya kimya mpaka wapate kitu cha kuonyesha. Basi akaanza kuja. Kila Alhamisi alitembea kutoka Kibera akapita geti moja baada ya jingine akiuliza. Mzee mwenye ploti ya vyumba vya kupanga jirani na yetu ndiye aliyeniambia. "Mathe yako amekuja tena," akasema. "Nimemwambia hapa hakuna msichana ametoka Uarabuni. Ameomba tu akae hapo kwa gate aone wenye wanaingia." Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki, viatu vimejaa vumbi, macho kwenye kila msichana aliyepita. Aliponiona akanyoosha mfuko. "Nimekuletea mboga," akasema, na sote wawili tukajifanya tunaamini.

Baada ya mwezi simu yangu ililia kwa namba nisiyoijua. Alikuwa dada, akinong'ona, ameazima simu ya msichana mwingine. Pasipoti yake ilikuwa imefungiwa kabatini. Simu yake wamechukua. Mwenye nyumba alisema hatoki mpaka apatikane wa kushika nafasi yake. "Mwambie mama bado sijashuka," akasema. "Mwambie asifagie, sawa?"

Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia. Kumwambia hilo kulikuwa kumwambia na uongo wangu wa ile Jumatatu, na kila wiki iliyopita ile Jumatatu ilizidi kuwa nzito. Nilienda kwake nimejiandaa, nikarudi na maneno yangu tumboni. Mwaka mzima nilimwacha mama aamini kwamba binti yake yuko hapa hapa mjini na hataki kumwona. Huzuni yake iligeuka hasira mbele ya macho yangu. Akaacha kuja Kawangware. Akaacha kumtaja dada hata kwenye maombi, na wamama wa kanisa wakajifunza kutomuuliza.

Asubuhi moja ujumbe ukaingia, wa kweli, kwangu na kwa mama kwa wakati mmoja. Nimeshuka. Nilipanda boda boda mpaka Kianda. Nikamkuta mama anafagia. Binti yake yuko njiani kutoka uwanja wa ndege, na yeye ameinama anafagia kila kona, taratibu, bila wimbo wa ile siku ya kwanza.

"Mama, ameshuka!"

"Huyo alishuka kitambo," akasema, wala hakuinua kichwa.

Dada aliingia mchana na begi moja. Alikuwa amekonda, na mkononi ana kovu refu la pasi. Mama akampa mkono kama anavyowapa wageni asiowajua. "Karibu. Keti." Akamtazama kuanzia viatuni hadi kichwani. "Kawangware wamekuchoka?"

Dada hakuelewa. Akanigeukia. "Si nilikuambia umwambie?"

Hapo nikasema yote. Nilisema vibaya, nikirudi nyuma na mbele, nikijitetea kwa ile sakafu, kwa yule jirani, kwa mama kukataa kula. Nilipomaliza, mama alisogea mpaka kwa dada, akaushika ule mkono wenye kovu, akalia kwa sauti ambayo sikuisikia hata siku tuliyomzika baba. Alimwomba msamaha. Yeye, mama, ndiye aliyeomba msamaha. Mimi nilisimama pale nikingoja anigeukie hata kwa matusi, na hakunigeukia.

Hakunifukuza pia. Nilipewa chai, nikainywa. Saa kumi nikaaga kwa sababu watoto wangu walikuwa wanatoka shule. Dada alisema, "Haya, siz, enda salama." Mama alikuwa anapanga vikombe.

Nikavaa viatu, nikatoka. Sijafika hata kwenye bomba la maji la ploti, nikasikia nyuma yangu ufagio.