Makofi Yaliyomtoa Bibi Arusi Mapema

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, Kamembe. Batoto nabafundisha kukata neno silabi kwa silabi kwa makofi, kisha kupiga mguu chini kwenye silabi ya mwisho, pale sauti inapokaza.

Jumamosi tulikwenda Bugarama kumuombea ndugu yangu mchumba. Msemaji? Mimi! Kifaransa changu hakina mwenzake. Bapiga ngoma walikuwa wameambiwa: posa ikikubaliwa tutapiga makofi, ngoma zilie, bibi arusi atoke.

Nikaanza kwa kushukuru kupokelewa: "Hos-pi-ta-li-TÉ!" Mikono ikajipigia makofi manne, mguu pwaa! Ngoma zikalia, bamama wakapiga vigelegele, bibi arusi akatoka akicheza.

Ngoma zikanyamaza. Baba yake akanitazama: "Maman Mwalimu, mutoto ni huyu. Sasa munaweza kuanza kumuomba."