Kikaratasi Chenye Doa la Mafuta

Mtunza nyaraka wa ghorofa ya chini, katika maktaba moja ya San Francisco, hujiita mfagiaji mwenye shahada. "Wenzangu hutupa takataka," hunong'ona, hata akiwa peke yake, "mimi nazivisha bahasha." Sasa yuko kwenye masanduku ya marehemu msanii mmoja, aliyepata sifa miaka ya hamsini, enzi za washairi wa ndevu na kahawa, kwa kubandika soksi za kike na vichwa vya wanasesere kwenye mbao. Pini zenye kutu huzing'oa taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Kisha hupuliza vumbi na kuandika kwa penseli, maana wino na chakula humo ndani ni haramu.

Juzi, Jumatano, mjane wa msanii, Bi Lorna, alikuja kutazama. Mtunza akamwonyesha kikaratasi chenye doa la mafuta. "Kazi zake za mwanzo, mama. Ona doa lilivyokaa kimakusudi." Pembeni alishaandika: takriban 1958. Bi Lorna akakinusa, akacheka hadi akashika meza.

"Mwanangu, hiki kinanuka samaki wa jana! Si karatasi ya sandwichi yako?"

Mtunza akanywea. "Shahada mbili, mama, na chakula changu mwenyewe sikijui." Akanyoosha mkono akitupe.

"Kiache! Mume wangu angekibandika."

Basi akachukua kifutio, akaufuta mwaka taratibu, akapuliza vumbi, akaandika: Jumanne.