Vitambaa Vyeupe vya Picha ya Ndege

Kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu kilipowashwa jirani na mtaa wetu wa Picha ya Ndege, mjukuu wa mama wa nyumba ya pili alianza kubanwa na pumu. Bibi yake akawa anamfungia ndani, madirisha ameyaziba kwa khanga. Tulipolalamika, tuliambiwa kuwa lile ni vumbi la barabara tu.

Mashine ya kupima hewa sikuwa nayo. Nilichojua, kwa kujisomea mwenyewe, ni kulinganisha. Nilinunua marikani nyeupe, nikaikata vitambaa vya ukubwa mmoja, tukavitundika kwenye baraza za majirani. Kimoja nilimpelekea dada yangu Maneromango, ambako vumbi la barabara halina mfano lakini kiwanda hakuna. Kisha nikamwomba ofisa mazingira aje avione.

Asubuhi ya siku aliyoahidi kuja nilivikuta vitambaa vyote vya mtaani kwenye kamba ya yule mama, vinachuruzika maji.

"Shikamoo mama. Umevifua?"

"Marahaba. Mgeni wa serikali aje aone matambara yale? Atasema hatuna sabuni!"

"Mama, ule uchafu ndio ushahidi wetu!"

Akashika kiuno. "Mwanangu, ulisema tusivipoteze. Habari ya kufua hukutamka."

Kweli, sikutamka. Niliketi kwenye ndoo.

Dada yangu alifika na kitambaa chake, na ofisa naye akafika. Kilikuwa chekundu kwa vumbi. Alikikung'uta mara chache tu, kikawa cheupe. Ofisa akakiweka kando ya kimoja cha kwetu.

"Hiki cheupe ndicho kilichofuliwa?"

"Hicho hakijaona maji, baba!" mama akadakia. "Nilichofua ni hiki cha kijivu. Mara mbili! Mikono yote inaniuma."

Ofisa alikigeuzageuza kile cha kijivu, akaomba kifuliwe tena mbele yake. Beseni likaletwa, majirani wakazunguka.

"Sugua, bibi, sugua! Usituaibishe!"

Alisugua mpaka povu likageuka jeusi. Kitambaa kilibaki kijivu vilevile. Ofisa akacheka, halafu akaacha kucheka.

Kwa amri yake kiwanda kilizimwa mpaka bomba la moshi lilipowekewa chujio. Siku hizi jioni yule mjukuu hucheza rede uwanjani, na bibi yake humgombeza kwa kuchafua gauni. Zile khanga zimerudi kwenye kazi ya khanga, bibi anazivaa.