Jina Kwenye Kitako cha Beseni

Mawdud, fundi wa Kairo, alilinakshi beseni la shaba kwa nyuzi za fedha miaka mitatu, likammalizia macho. Lakini maamiri wa mji ule walikuwa wakiangushana kama watoto mchangani, na kila mmoja akianguka beseni lilirudi kwa Mawdud afute jina la amiri aliyeanguka, atie la bwana mpya. Mara nne alifanya hivyo, huku akisonya.

Mara ya tano, msimamizi wa amiri mpya alilipindua.

"Amiri gani tena huyu Mawdud huku kitakoni? Mbona simjui?"

"Ni mimi, bwana. Mimi ndiye niliyelitengeneza."

"Wewe? Haya, jifute na wewe."

Mawdud akashika tindo. Jina la amiri lilimchukua siku nzima kulifuta. Lake lilitoka kwa mikwaruzo mitatu.